Tunanunua Zamu, Tunauziwa MB



Leo nataka tuitazame bei ya intaneti ya simu, na kabla ya bei, tujiulize tunanunua nini. Kila nyumba ina malalamiko yake: MB zimeyeyuka, bando limekatika lingali limejaa, ikifika usiku simu inazunguka tu haifungui kitu, na ndugu yetu kijijini mpaka apande kilima ndipo apatikane. Malalamiko hayo ni ya kweli na nayachukulia kwa uzito wote. Tatizo ni kwamba tunayatoa kwa hesabu za muuzaji, hesabu za MB, na hesabu hizo zinatuficha jambo kubwa. MB haikai mahali popote ikingoja mnunuzi. Hakuna kampuni yenye akiba ya MB inayopungua kila unapotazama video. Kilichopo ni mnara, masafa ya redio, na muda. Unachopewa ni zamu ya kutumia masafa hayo, mahali ulipo, kwa muda mfupi sana, kisha zamu inakwenda kwa mwingine. Tukishaelewa zamu hizo zinavyogawanywa, naamini hata ugomvi wetu juu ya bei utabadilika, na utakuwa na nguvu zaidi.

Tuanze na mnara wenyewe. Mnara wa kawaida umefungwa antena zinazotazama pande tatu, na kila upande una eneo lake na watu wake. Chukua upande mmoja wenye 4G, na tuseme kampuni inatumia hapo masafa yenye upana wa megahezi 10. Kwa mpangilio wa 4G, upana huo hukatwa vipande 50, kila kimoja kilohezi 180. Kwenye mtambo wa mnara mna programu ambayo kazi yake ni moja tu: kuamua nani apewe kipande kipi sasa hivi. Uamuzi huo inaufanya mara elfu moja katika kila sekunde. Wewe unafungua picha aliyokutumia shangazi, jirani anatazama mpira, dereva wa bodaboda pale kijiweni anasubiri ombi la safari, mwanafunzi anashusha notisi za somo. Wote mko katika orodha moja, na vipande ni vilevile 50. Mkiwa wachache, kila mtu atakuambia mtandao uko vizuri. Mkiwa mia mbili kwa wakati mmoja, hakuna kilichoharibika wala kilichoisha. Zamu ndizo zimekuwa haba.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo wengi hatukuwahi kuelezwa. Vipande hivyo havibebi mzigo sawa kwa kila mtu. Aliye karibu na mnara, bila ukuta wala mlima katikati, simu yake inaweza kupokea biti sita katika kila mpigo wa ishara. Aliye mbali, au aliye ndani ya nyumba yenye kuta nene, ishara inamfikia imechoka. Mnara unalazimika kusema naye polepole: biti mbili kwa mpigo, na sehemu kubwa ya hizo inatumika kuulinda ujumbe usiharibike njiani. Ukipiga hesabu, MB moja ya mtu wa mbali inaweza kula vipande mara kumi ya vile vinavyoliwa na MB moja ya mtu wa karibu, hata zaidi ya hapo. Ni kama foleni ya bombani. Mwenye ndoo ya mdomo mpana anafungulia maji yote, anajaza, anaondoka. Mwenye dumu la mdomo mwembamba inabidi apunguze maji, asimame, na foleni nzima isimame naye. Lita ni zilezile ishirini. Muda wa kukaa bombani ndio uliotofautiana.

Basi programu ya mnara imfanyie nini mtu wa mbali? Ukitaka mnara utoe MB nyingi kadiri iwezekanavyo, njia iko wazi na ni katili: zamu zote wapewe wa karibu, wa mbali wangoje mpaka wa karibu walale. Ukitaka kila mtu apate kasi ileile, mtu mmoja aliye ukingoni mwa eneo ataburuza eneo zima. Wahandisi walihangaika na swali hili kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, simu zilipoanza kubeba data kwa wingi. Jibu lililoenea duniani lilitoka kwa Profesa David Tse, akishirikiana na kampuni ya Qualcomm ya Marekani, na mimi naliona ni jibu la busara kubwa. Programu hailinganishi mtu wa karibu na mtu wa mbali. Inamlinganisha kila mtu na wastani wake mwenyewe. Ishara ya simu haitulii. Gari linapita, mtu anageuka, mlango unafungwa, nayo inapanda na kushuka. Programu inavizia wakati ambao ishara yako wewe iko juu kuliko kawaida yako, ndipo inakupa zamu. Mwisho wa siku kila mmoja anapata muda unaokaribiana na wa mwenzake, na anaupata katika nyakati zake nzuri. Wa mbali hapati kasi ya wa karibu, ila hasahauliki.

Nakaa kidogo hapa kwa makusudi. Tumezoea kudhani kwamba maswali ya haki yanaamuliwa bungeni, mahakamani, au mbele ya wazee. Hii ni kanuni ya haki iliyoandikwa na wahandisi, inafanya kazi mara elfu moja kwa sekunde juu ya mapaa yetu, na hatukuulizwa. Namshukuru Mungu kwamba ni kanuni nzuri. Lakini kama ndani ya mnara kuna fikra makini kiasi hicho juu ya nani apewe nini na wakati gani, kwa nini bei tunayotangaziwa dukani haina fikra hiyo hata kidogo?

Wapo waliolifikiria hilo. Mwanahisabati Frank Kelly wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliandika mwaka 1997, na tena mwaka 1998 pamoja na Aman Maulloo na David Tan, juu ya watu wengi wanaogombea njia moja ya mawasiliano. Aliuliza kama inawezekana wagawiwe kwa haki bila kuwapo mkubwa mmoja anayejua shida za kila mtu. Akaonyesha kwamba inawezekana, kwa kutumia bei. Kila sehemu ya mtandao itangaze bei inayopanda msongamano ukipanda na kushuka msongamano ukishuka. Kila mtumiaji naye aongeze au apunguze kasi yake kulingana na anachokubali kulipa. Bila amri ya mtu, mtandao unatulia mahali ambapo manufaa ya wote, yakijumlishwa, hayawezi kuzidi hapo. Wachumi wanaiita bei kivuli. Si lazima itoke mfukoni. Inaweza kuwa namba tu inayotumwa kati ya mtambo na mtambo. Ila ina tabia moja ambayo naomba uishike mpaka mwisho wa mazungumzo haya: mahali pasipo msongamano, bei kivuli ni sifuri. Mnara wenye nafasi saa tisa usiku hauondolewi kitu chochote ukimpa mtu GB nzima.

Najua mtu wa kampuni ya simu akinisikia atainua mkono. Atasema mnara unakula umeme hata watu wakilala. Kuna betri, kuna dizeli ya jenereta kule gridi isikofika, kodi ya kiwanja, nyaya za faiba, leseni, mishahara. Ni kweli tupu, na gharama hizo lazima zirudi, la sivyo mnara utazimwa na sote tutapoteza. Lakini tazama gharama hizo zinatoka wapi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, Denmark, alitoa hesabu za kukadiria laini ngapi zinahitajika ili wapigaji wachache tu wakose nafasi katika saa yenye watu wengi. Tangu hapo mitandao ya simu inapimwa kwa saa hiyo. Kampuni inaongeza mnara, au inanunua masafa zaidi, kwa sababu ya msongamano wa jioni na usiku wa mapema, watu wamerudi kazini, wamekula, wamekaa na simu. Haiongezi mnara kwa sababu ya alfajiri. Anayepakua filamu saa kumi za usiku hajaigharimu kampuni mnara mpya. Anayepakua filamu hiyohiyo saa tatu usiku, Manzese ya Dar es Salaam au Kariobangi ya Nairobi, anachangia kuuhitaji.

Kifurushi sasa. Tunauziwa MB kadhaa, na muda wa mwisho: saa 24, siku saba, siku thelathini. Muda ukifika, kilichobaki kinapotea. Ukiuliza sababu, jibu linalokuja upesi ni kwamba mtandao una uwezo wenye mipaka na lazima matumizi yapangwe. Mimi nasema jibu hilo halisimami. Mipaka ya mtandao iko katika saa ya msongamano na katika mnara wenye msongamano. Muda wa mwisho wa kifurushi haujui saa hiyo wala mnara huo. Mtu aliyejiunga jana saa mbili usiku, kifurushi chake cha saa 24 kinakatika leo saa mbili usiku. Amebakiwa na MB 300. Atafanya nini? Atazitumia sasa, haraka, hata kwa kitu asichokihitaji, kwa sababu amezilipia kwa jasho lake. Na wengi wetu hujiunga jioni, kwa kuwa jioni ndipo tunapokuwa na nafasi na chenji ya siku. Kwa hiyo ule mkupuo wa kumaliza kilichobaki nao unaangukia jioni, juu ya mnara uleule uliokwisha lemewa. Kama lengo ni kupunguza msongamano, kanuni hii inafanya kinyume chake.

Kuna sababu nyingine ambayo ina uzito kidogo, nayo ni ya biashara. Muda mfupi unaiwezesha kampuni kuuza kifurushi kidogo kwa pesa kidogo, na mtu wa kipato cha chini anaingia mtandaoni kwa shilingi mia tano au elfu moja bila kungoja mwisho wa mwezi. Siidharau faida hiyo hata chembe. Ila tazama upande wa pili wa sarafu hiyohiyo: mara nyingi anayenunua kidogo kidogo kwa siku ndiye anayelipa zaidi kwa kila MB akipiga hesabu ya mwezi, na ndiye anayepoteza mabaki mara nyingi zaidi. Mama anayeuza maandazi anachangia zaidi kwa MB kuliko ofisi yenye mkataba wa mwaka, na tukiwa wakweli, hilo haliwezi kutetewa kwa hoja ya masafa.

Nchi kadhaa zimeligusa jambo hili. Afrika Kusini iliwalazimisha watoa huduma, kuanzia mwaka 2019, kumruhusu mteja aendeleze data iliyobaki au amhamishie mtu mwingine, na kutomtoza nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Mwaka huohuo Safaricom ya Kenya ilianza kuuza vifurushi visivyo na tarehe ya kuisha. Kwetu Tanzania, Aprili 2021, kanuni mpya za vifurushi zilianza kutumika zikiwa na mambo mema ndani yake, lakini bei zilizotoka siku hiyo zilipanda kiasi kwamba wananchi walipiga kelele nchi nzima, na Serikali ikasitisha upesi. Kelele zile zilikuwa halali. Ninachosikitika ni kwamba mjadala wote uliishia kwenye swali la MB ngapi kwa shilingi elfu moja. Saa haikutajwa. Mnara haukutajwa.

Na wala si kwamba bei inayojua saa na mahali ni ndoto. Majirani zetu Uganda waliwahi kuishi nayo. Kampuni ya MTN ilikuwa na huduma iliyoitwa MTN Zone, iliyokuwapo pia Afrika Kusini. Punguzo la kupiga simu lilikuwa likibadilika kila saa, mnara kwa mnara, kulingana na wingi wa watu waliokuwa hewani hapo. Punguzo la wakati huo lilionekana kwenye kioo cha simu yako. Ukiwa sokoni Owino mchana, punguzo dogo. Ukisogea mahali patulivu au ukingoja usiku ukue, punguzo kubwa. Fikiria uungwana wa jambo hilo: mnara wenyewe unakueleza hali yake, na unakuachia uamue. Mwenye dharura anapiga sasa. Mwenye maongezi marefu na mchumba anangoja. Huku kwetu nako wengi mtakumbuka enzi za dakika za usiku wa manane, vijana wakikesha masikio yamepata moto kwa simu. Wazazi walilalamika, na walikuwa na sababu. Lakini kwa upande wa mtandao, ile ilikuwa bei ya kweli kuliko nyingi tulizonazo leo.

Kwa data, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, akiwamo Mung Chiang, walitengeneza mfumo waliouita TUBE na kuutangaza mwaka 2012. Simu ilimwonyesha mtumiaji bei ya saa hii na bei za saa zinazokuja, naye akaamua kipi kishushwe sasa na kipi kingoje. Katika jaribio lao, matumizi yalihama kutoka saa za kilele kwenda saa za nafasi. Kinachonivutia ni kwamba hawakumwadhibu mtu kwa kutumia sana. Walimlipa, kwa punguzo, kwa subira yake.

Nilisema tangu mwanzo kwamba mnara una masafa, nikayapita haraka. Turudi huko, kwa sababu masafa ni mali yetu sote, na bei yake ni habari ya ajabu.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Mnakumbuka ving'amuzi. Familia nyingi zilitoa pesa ambazo hazikuwa kwenye bajeti ili ziendelee kuona taarifa ya habari. Tuliambiwa picha itakuwa safi, na ikawa safi. Tuliambiwa kwa sauti ndogo zaidi kwamba televisheni zikibanana kwa njia ya dijitali, zinaacha masafa wazi, na masafa hayo ni ya thamani kubwa. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ikayapiga mnada masafa ya megahezi 700 kwa ajili ya simu. Masafa ya chini namna hiyo yanasafiri mbali na yanapenya kuta; mnara mmoja unafunika vijiji ambavyo kwa masafa ya juu vingehitaji minara kadhaa. Yale ya juu, kama megahezi 3,500 yanayotumika kwa 5G, yanabeba mzigo mkubwa lakini hayaendi mbali, kwa hiyo yanafaa mjini. Katika mnada wa mwaka 2022, Airtel Tanzania ilinunua megahezi 140 katika masafa ya 2,600 na 3,500 kwa dola za Marekani milioni 60.1. Hewa tupu, ungedhani, lakini ina bei hiyo.

Wazo la kuuza masafa kwa mnada lina umri wa miongo kadhaa. Mchumi Ronald Coase alilitetea mwaka 1959, na alipokwenda kulieleza mbele ya tume ya mawasiliano ya Marekani, kamishna mmoja alimuuliza kama anafanya mzaha. Siku hizo leseni ziligawiwa kwa kusikiliza maombi, na aliyejua kuomba, au aliyejulikana, ndiye aliyepata. Marekani ilifanya mnada wake wa kwanza wa masafa Julai 1994. New Zealand ilitangulia, mwaka 1990, na ikaumia: kanuni yao ilimtaka mshindi alipe kiasi alichotaja mshindani wa pili, na hawakuweka bei ya chini kabisa. Kampuni moja iliyotaja dola 100,000 za nchi hiyo ikalipa dola 6. Nyingine iliyotaja milioni 7 ikalipa 5,000. Mali ya umma iliondoka kwa bei ya nauli. Upande wa pili kuna Uingereza, ambayo mwaka 2000 ilikusanya pauni bilioni 22.5 kwa masafa ya 3G, na makampuni yakabaki yamebeba madeni mazito. Wachumi Paul Milgrom na Robert Wilson walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi yao juu ya minada, ikiwamo hii ya masafa, na bado kila serikali inakosea kwa namna yake.

Msimamo wangu ni huu. Pesa inayoingia Hazina kwa mnada ni halali, lakini masafa ya megahezi 700 yasipimwe kwa pesa peke yake. Kampuni ikipewa masafa yanayofika vijijini, kisha ikayawasha mjini tu ambako wateja wamebanana, tumeuza kitu na hatukupata kilichotufanya tukitoe kwenye televisheni. Sharti la kufika, lenye majina ya kata na tarehe, lina thamani kuliko milioni kadhaa za dola. Sheria ya mwaka 2006 iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilitambua kwamba biashara peke yake haitajenga mnara mahali penye nyumba chache. Makampuni yanauchangia mfuko huo, nao unatoa ruzuku ya kujenga kule. Na hapa ndipo ninapojibu jambo la mtu wa mbali kulipa sawa kwa MB, ijapokuwa anakula zamu nyingi. Ni sawa alipe sawa. Hakuchagua kuwa mbali na mnara. Mnara ndio uliwekwa mbali naye. Anayechagua saa ya kupakua filamu ana hiari, na bei inaweza kuzungumza na hiari yake. Mkulima hana hiari juu ya kilima kilichoko kati ya shamba lake na mnara, na bei ikimwongezea mzigo hapo haimfundishi kitu chochote.

Kwamba bei za simu zinaweza kubadilishwa na mamlaka yenye nia, tunajua. Mwaka 2018 kila kampuni ya simu Tanzania ilitozwa shilingi 15.60 kwa dakika kupokelewa simu zake na kampuni nyingine. Kiwango hicho kilishushwa mwaka baada ya mwaka, 10.40, kisha 5.20, kisha 2.60, mpaka shilingi 2 mwaka 2022. Wale mliokuwa mkitembea na laini tatu ili kila ndugu apigiwe kwa mtandao wake mnajua maana yake. Leo dakika za mitandao yote ni jambo la kawaida, na hakuna kampuni iliyofunga mlango kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo ninacho kitu kimoja cha kudai, na nataka kiwe kidogo ili kisiwe na visingizio. Kifurushi kikifika muda wake, MB zilizobaki zisifutwe. Ziendelee kuwa halali kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa siku kadhaa, mpaka ziishe. Katika saa hizo minara mingi ina nafasi, na bei kivuli niliyoitaja iko sifuri au karibu yake. Mteja hapotezi alicholipia. Mkupuo wa jioni unapungua, na waliobaki hewani saa tatu usiku wanapata zamu nyingi zaidi. Atakayesema kampuni itakosa mapato aonyeshe hesabu hadharani, maana hesabu hiyo itatueleza kwa mara ya kwanza ni kiasi gani cha mapato kinatokana na MB ambazo hazikutumika.

Mitambo ya kutoza inaweza. Ndiyo hiyohiyo inayouza vifurushi vya usiku, inajua saa, na inakata ikifika alfajiri bila kukosea. Simu nazo zinaweza. Kupanga kitu kishuke usiku wakati simu iko kwenye chaji ni jambo ambalo programu nyingi zinafanya tayari. Wauguzi wa zamu, walinzi, waokaji mikate wanaoamka saa tisa, wanafunzi wa vyuo: hao wataanza kufaidi usiku wa kwanza.

Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lipo kisheria kwa ajili ya kupeleka sauti ya mteja mbele ya Mamlaka. Ukilifikia, kwa barua au kwa simu, usiseme tu kwamba bando ni ghali. Hilo wamelisikia. Waulize mnara wa mtaa wako una nafasi saa ngapi, na kwa nini MB zako zilifutwa saa ambayo mnara huo ulikuwa na nafasi.